Talasimu Isiyo Kitabuni

Kitabu kina talasimu mia tatu na kumi na mbili.
Nimezihesabu, maana msimulizi wa mchezo ni mimi,
na msimulizi asiyehesabu huibiwa mchana.
Ipo ya moto. Ipo ya kupaa, ya kugeuka kunguru,
hata ya kuzuia maziwa yasichache.
Lakini Kerubo, Ijumaa ile, ghorofa ya tatu, Ngara,
alikifunga kitabu, akaweka kikombe juu yake:
"Sanura anataka kutunga yake."

Abdirizak akacheka hadi mandazi yakamtoka.
Mutheu akauliza kama twaweza kwanza kumalizana na zimwi.

Nikamtajia bei, kama muuza mitumba wa Gikomba
aliyemwona mgeni akishika koti:
wiki sita kwenye maktaba ya mnara,
dhahabu mia nane (vizibo vya soda, ndivyo tulivyo navyo),
wino wa ngisi, na dadu kila wiki.
Ikitua kwenye moja, basi, mnara unatoa moshi.
Na zaidi, nikasema, nikidhani namfukuza:
talasimu mpya ije na vina, na mizani kamili.
Uchawi haupokei mstari unaochechemea.

Hakubishana. Alitoa daftari.
Mchana kutwa hupima damu za watu hospitalini,
ameshazoea kuandika kilichoshindikana.
Wiki ya kwanza: kufuli limepiga chafya.
Wiki ya pili: limemtaja fundi aliyelifua, basi.
Wiki ya tatu: mizani saba. Kimya. Vyura ndani ya wino.
(Vyura niliwaongeza mimi.)
Wiki ya nne tokeni za stima ziliisha,
tukarusha dadu kwa mwanga wa simu,
ikabingirika chini ya kochi, na Kerubo
akalala kifudifudi aisome ilipo, asiiguse:
"Kumi na tisa! Njooni mshuhudie!"

Hapo ndipo nilipouliza inafanya nini hasa.

Inalikumbusha kufuli mkono uliolifunga mwisho.

Usiku ule nilihesabu boriti.
Miezi mitatu nilikuwa nimejenga ghala,
ghala lililofungwa, maiti ya mfalme ndani, ufunguo ndani,
washukiwa tisa, kila mmoja na uongo wake
niliouandika kwa kalamu ya rangi yake.
Swali moja kwa chuma, na yote yangekwisha
kabla chai haijapoa.

Ningeweza kukataa. Sheria inaniruhusu.
Lakini nimeketi kwenye meza za watu wa aina hiyo:
unaomba mlango, wanakupa ukuta uliopakwa rangi.
Basi nikaongeza bei moja tu.
Anayeuliza atasahau mlango mmoja alioupenda.
Nilimaanisha wa Sanura.

Wiki ya sita akasimama, akasoma, kama shuleni:

    Ewe kufuli la chuma, mdomo uliyebana,
    Ulipofungwa kwa hima, mkono wa nani jana?
    Sema pasipo kugoma, jina lake kwa bayana,
    Mlango wangu wazama, nisiukumbuke tena.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Nane, nane. Hakuna anayechechemea.

"Mlango upi?" nikauliza.
Hakutamka. Aliandika, akanisogezea daftari.
Wa buluu. Kaloleni. Bawaba ya juu imelegea,
unausukuma kwa bega la kushoto ukiwa na ndoo.

Kwenye ramani yangu hakuna Kaloleni.

Mutheu aliacha kutafuna.
Kerubo aliishika dadu muda mrefu, ikapata joto,
akaiachia, na wala hatukuitazama sana.
Nami, watu watatu na kufuli moja wakinikodolea,
nikafungua mdomo kumtaja mshukiwa wa saba,
yule niliyempanga tangu Machi,
na jina lililotoka halikuwa lake.

Abdirizak akaliandika haraka, kabla sijajirudi.